Duka la dawa lenye kigoda, Isevya: mtoto anameza bila kushikwa mikono

Kama una mtoto anayeanza kulia akisikia tu kifuniko cha chupa ya dawa kinafunguliwa, na unaishi Tabora mjini au unapita mjini kwa shughuli zako, nenda Isevya ukaulize duka la dawa lenye kigoda. Lina jina lake kwenye bango, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Ni fremu moja tu: kaunta ya kioo, rafu nyeupe, cheti cha usajili ukutani, na mbele ya kaunta kigoda kifupi cha mbao ambacho mtu mzima hakikalii hata watu wakijaa hadi barazani. Kigoda kile ni cha mgonjwa mdogo. Duka hili nimelipatia alama nane kati ya kumi, na hizo mbili nilizozizuia nitaeleza sababu yake.

Mimi nauza asali na karanga sokoni, nina watoto watatu, na baba yao kazi yake ni ya safari, kwa hiyo dawa zote za nyumba zinapita mikononi mwangu. Mzazi yeyote wa Tabora anajua maana yake. Mvua zikianza Novemba hadi zinapokatika mwezi wa nne au wa tano, nyumba isiyouguza malaria inamshukuru Mungu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipowapima watoto wa chini ya miaka 5, mkoa wetu ndio ulioongoza: asilimia 23 walikutwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Sasa fikiria ni vidonge vingapi vinatakiwa vipite kwenye koo za watoto wa mkoa huu, na vingapi vinaishia kutemewa kwenye kanga ya mama. Dawa iliyotemwa haijamtibu mtu. Kwa hiyo mimi naliona suala la mtoto kuikubali dawa kuwa ni sehemu ya matibabu yenyewe, na ndiyo maana nimekaa kuandika maneno mengi kuhusu duka la fremu moja.

Aliyenifikisha pale ni mwanangu wa mwisho, ana miaka minne. Alilala na homa, asubuhi tukaenda zahanati, akatobolewa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Vidonge vya watoto vilikuwa vimekwisha, nikaandikiwa nikanunue. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye benchi akaniambia, "Dada, usihangaike, mpeleke kwa yule wa kigoda. Huyu mwanao nimemwona anavyorusha mateke." Kweli aliyarusha. Ile kutobolewa kidole alishikwa na watu wawili, na tangu hapo kila mwenye koti jeupe akawa adui yake.

Mwenye duka ni mama wa makamo. Wateja tunamwita dokta, kama wauza dawa wote wanavyoitwa, ingawa yeye mwenyewe ukimuuliza atakwambia ni mtoa dawa. Tulipoingia, mtoto alijificha nyuma ya gauni langu. Yule mama alimwona, akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari, ndipo akanitazama mimi.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mama. Poleni na kuuguza."

Akaipokea karatasi, akaisoma hadi mwisho, akaiweka. Halafu akazunguka kaunta, akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Karibu, baba. Kigoda hiki ni chako. Utakaa mwenyewe au utakaa na mama?"

Mtoto alifikiri kidogo, akasema mwenyewe. Akaenda akakaa.

Kabla ya dawa alipimwa uzito, na hilo nalisifu kwa nguvu, maana kuna maduka ambayo mtu anamtazama mtoto kwa jicho tu na kukata dozi. Dawa mseto ya malaria inakwenda kwa kilo: kuanzia kilo 5 hadi zisizofika 15 ni kidonge kimoja, kuanzia 15 hadi zisizofika 25 ni viwili, kuanzia 25 hadi zisizofika 35 ni vitatu, kila mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Wangu alikuwa na kilo 17, kwa hiyo viwili kwa kila mara, jumla 12. Kisha akauliza amekula nini. Nilikuwa nimempa uji wa karanga. Dokta akafurahi, akanieleza kwamba moja ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto, lumefantrini, huingia mwilini vizuri zaidi ikikuta mafuta tumboni; uji wa karanga au maziwa vinatosha. Sisi wa Tabora kwa karanga hatuna shida, lakini sikuwahi kuelezwa hivyo mahali pengine popote.

Ndipo kazi ikaanza, na aliyeifanya ni mtoto. Dokta alileta vikombe viwili vidogo vya plastiki, chekundu na cha bluu. "Unataka kipi?" Chekundu. Akatoa vidonge viwili kwenye karatasi yake, akamwekea kiganjani: "Tumbukiza." Akamimina maji safi kidogo, kama vijiko viwili vya chai, akampa kijiti cha kukorogea. Mwanangu aliinama juu ya kile kikombe kwa umakini ambao sijauona hata anapochezea gari lake la waya. Vidonge vilivimba, vikamomonyoka, maji yakawa na ukungu.

"Vimekufa?" akauliza.

"Havijafa, vimeyeyuka ili vipite vizuri. Vikifika ndani vinaenda kupigana na wadudu wa malaria."

Kisha akamwambia maneno ambayo sikutarajia muuza dawa kumwambia mtoto. "Nisikilize, baba. Mwanzo utasikia utamu. Mwisho kuna uchungu kidogo. Uchungu ukija, maji haya hapa, ukinywa uchungu unaondoka. Sasa, unataka kwa kikombe au kwa bomba?"

Bomba lenyewe ni lile la plastiki la mililita 10, halina sindano. Alimwachia alishike, alitazame mbele na nyuma, avute maji matupu na kuyarusha ndani ya beseni. Alirusha, akacheka, akarusha tena. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi sokoni na moyoni nilitaka amalize, lakini dokta hakuwa na haraka yoyote. Alipoona mikono ya mtoto imelizoea, akamwonyesha pa kuliweka: kona ya mdomo, upande wa ndani wa shavu, si katikati ya ulimi na si kooni, kwa sababu dawa ikirushwa kooni kwa nguvu inaweza kumpalia. Akiwa ameketi wima, akasukuma kidogo, akameza, akasukuma tena. Uchungu ulipofika uso ulikunjamana wote, mkono ukanyooka wenyewe kwenye kikombe cha maji. Hakulia. Mabaki ya chini ya kikombe yakasuuzwa kwa maji kidogo, nayo akayanywa, maana yale mabaki ni sehemu ya dozi.

Dokta hakupiga makofi wala kushangilia. Alimshika bega akamwambia, "Umemeza yote. Asante." Mwanangu akajinyoosha pale kigodani.

Tulikaa nusu saa nyingine kwenye benchi la nje. Hiyo ni sheria ya duka lake: dozi ya kwanza inanywewa pale pale, na mtoto anasubiri. Akitapika ndani ya nusu saa anarudia dozi nzima, na kama ametapikia pale dukani, anapewa vidonge vingine bila kulipa. Mwenye kutapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea asiyeweza kunywa wala kunyonya, huyo hamuuzii kitu. Anamwambia mzazi ashike bodaboda aende hospitali wakati huo huo. Kwetu hiyo ina maana ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Nimeyarudia kichwani mambo ya siku ile na kuyajaribu kwa watoto wangu wote, na ninachokiona ni hiki: yule mama hamuulizi mtoto swali ambalo jibu lake hataweza kulikubali. Hakumuuliza hata mara moja, "Utakunywa dawa?" Sisi wazazi tunauliza hivyo kila siku, kwa sauti ya kubembeleza, mtoto anasema hapana, halafu tunamkamata. Hapo mtoto amejifunza kwamba neno lake si kitu. Yeye aliuliza yale ambayo mtoto anaweza kuamua kweli: kikombe kipi, kukaa wapi, bomba au kikombe. Dawa yenyewe haikuwa kwenye mjadala, kama vile jua kuchomoza haliko kwenye mjadala. Ndani ya jambo asilolipenda, mtoto alipata mambo matatu manne yaliyo yake.

Na ukweli. Ukimwambia mtoto dawa si chungu, akaonja akakuta ni chungu, umepata dozi moja na umepoteza tano zilizobaki. Dozi ya pili atakuwa amefunga meno, na ana haki, kwa kuwa aliyemdanganya ni mtu anayemwamini kuliko wote duniani.

Ukutani pale dukani kuna karatasi ya manila iliyoandikwa kwa mkono: TAFADHALI USIMTISHE MTOTO KWA SINDANO. Naomba kila mzazi wa mkoa huu aisome. Tishio la "usipokunywa nitakupeleka ukachomwe sindano" tumelisikia sote na linaendelea kwenye kila mtaa. Dokta alinieleza kwa utulivu. Malaria ikiwa kali, mtoto hawezi tena kunywa, na kitakachomwokoa ni sindano ya artesuneti. Mtoto aliyelelewa kwa kutishwa atafika kwenye kitanda cha hospitali akiamini kwamba anaadhibiwa. Ataruka, atakaza misuli, muuguzi atahangaika kupata mshipa, dakika zitapotea. Tunamfundisha kuogopa kitu ambacho siku moja ndicho kitakachomrudisha nyumbani. Baada ya kuelezwa hivyo, nyumbani kwangu maneno hayo yamepigwa marufuku, na mgeni akiyasema namkatiza kwa adabu.

Sisi tuliokua wakati wa klorokwini tulikuwa na sababu ya kuchukia dawa. Vile vidonge vilikuwa vichungu mpaka machozi, na wengine mwili uliwasha usiku kucha. Mtoto alilazwa mkekani, mmoja ameshika miguu, mwingine amebana pua, mama anasukuma kijiko. Wazee wetu hawakuwa wakatili; walikuwa na mtoto anayeungua na homa na kidonge cha mtu mzima kilichosagwa kwa chupa. Mwaka 2001 nchi iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaja SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, na mwaka 2006 ikaamuliwa dawa mseto ishike nafasi hiyo. Lakini mseto wenyewe mwanzoni ulikuwa kidonge cha kawaida, kichungu kikisagwa. Mwaka 2009 ndipo kampuni ya Novartis pamoja na shirika la Medicines for Malaria Venture walipotoa kile cha watoto, Coartem Dispersible, kinachoyeyuka kwenye maji kidogo na kina ladha ya cheri. Cheri watoto wa Tabora hawaijui, ila utamu wanaujua. Ninaposema teknolojia imenisaidia kama mama, simaanishi simu. Namaanisha mtu mahali fulani alikaa akafikiri kwamba ulimi wa mtoto unasikia uchungu kuliko wa mkubwa, na akalifanyia kazi jambo hilo.

Dukani pale zipo pia amoksilini za kuyeyuka kwa ajili ya nimonia. Nazipenda kuliko zile za unga wa chupa. Chupa ukishaichanganya na maji inaanza kuhesabu siku zake, nasi wengi hatuna friji, na joto la Oktoba hapa mnalijua. Kidonge kinakaa kwenye karatasi yake mpaka saa ya kunywa.

Zinki na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ni habari nyingine, na hapa dokta alimsaidia binti yangu wa kati alipoharisha. Zinki hata ile ya kuyeyuka ina ladha ya chuma. ORS ina chumvi. Alichofanya ni kumpa binti kazi ya kuchanganya: pakiti moja, maji safi lita moja kamili, hakuna kuongeza sukari wala soda. Kisha akawa mwenye jagi lake, anajimiminia kwenye kikombe cha chai kidogo kidogo na kunywa kwa mafundo madogo badala ya kubugia akatapika. Kuhara kulipokatika akauliza kwa nini zinki inaendelea. Ni swali la haki, kwa sababu zinki ni siku 10 hata tumbo likishapona. Dokta akamjibu yeye mwenyewe, si mimi: zinki inabaki kulinda tumbo, miezi miwili mitatu ijayo kuhara kusirudi kirahisi. Binti akazimaliza. Mtoto akijibiwa kama mtu, anafanya kama mtu.

Kuna siku bibi mmoja alikuwa pale na mjukuu wake, anambembeleza, "Kunywa mjukuu wangu, kunywa pipi hii." Dokta akasogea, akapiga goti kidogo kama tunavyowasalimu wazee, akasema, "Bibi, nisamehe nikikurekebisha. Tukimwambia ni pipi, kesho ataipata peke yake kabatini ale zote." Bibi akanyamaza, akafikiri, akasema, "Kumbe. Basi mjukuu wangu, hii ni dawa, ya kwako, leo tu." Nilipenda heshima ile pande zote mbili. Na ni jambo zito: sirapu ya parasetamoli ni tamu, na mtoto akiinywa chupa nzima inaweza kumharibu ini. Dawa ipendwe, lakini ipendwe kama dawa, inayotolewa na mkubwa, kwa saa yake, na kurudishwa juu mahali ambapo hata akipanda kiti hafiki.

Nisiache kusema la asali, kwa kuwa ndiyo biashara yangu na wazazi wengi wanakuja mezani kwangu kuulizia asali ya kumlainishia mtoto dawa. Asali ya miombo yetu inasaidia kweli. Mtoto alambe kijiko kidogo, ulimi utandwe, anywe dawa, alambe tena. Inafaa hasa siku ambayo vidonge vya kuyeyuka vimekosekana mjini na mtaalamu ameruhusu vile vya kawaida visagwe, maana si kila kidonge kinavunjwa, ni lazima uulize. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asali hapana. Hata ya kupaka kidoleni. Ndani ya asali, hata iliyochujwa vizuri kabisa, kunaweza kuwa na mbegu za bakteria wa ugonjwa wa botulizimu. Tumbo la mkubwa linazimudu, la mtoto mchanga bado haliwezi. Wateja wananiambia bibi zetu walikuwa wakiwalambisha watoto wachanga. Nawajibu kwamba asali yangu naiamini na bado siiuzi kwa kazi hiyo. Dokta wa kigoda naye huuliza umri wa mtoto kabla hajaitaja asali, na kwa hilo nimemwona ni mtu wa kuaminika.

Tena usiichanganye dawa kwenye bakuli zima la uji. Mtoto akiacha nusu hujui amekunywa kiasi gani, na uji wenyewe ataususa kwa wiki nzima. Kijiko cha jikoni pia kiacheni. Vijiko vya chai vya nyumba moja havilingani, wakati kipimo cha dawa ni mililita 5 kamili. Ndiyo maana lile bomba la shilingi 500 ni kitu bora zaidi nilichonunua mwaka huu. Linaoshwa kwa maji ya moto kidogo na sabuni, linakaushwa, na kila mtoto ana lake. Mabomba yangu nimeyafunga nyuzi za rangi ili wasigombane.

Kilichonisaidia zaidi nyumbani ni bahasha. Maduka mengi yanaandika 2x2 na kukupa uende. Huyu alichora. Jua, mwezi, jua, mwezi, jua, mwezi, michoro sita kwa dozi sita, na kalamu akampa mtoto: ule wa kwanza akaupigia mstari pale pale. Hesabu ya dozi ya pili tuliifanya pamoja. Alikuwa amekunywa saa nane mchana, na ya pili inatakiwa baada ya saa nane, basi saa nne usiku. Baada ya hapo asubuhi na jioni mpaka michoro iishe. Ile ya saa nne usiku ndiyo niliyoiogopa. Dokta alikuwa ameshanionya: usimnyweshe akiwa usingizini, mwamshe, akae, aoshe uso, ajue yuko wapi, ale kitu kidogo. Nilimwamsha, nikampa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa, akakaa kitandani amenuna. Nikaweka mbele yake kikombe, vidonge na bahasha, sikusema neno. Akaangalia mwezi aliochorewa, akatumbukiza vidonge mwenyewe. Siku ya tatu homa ilikuwa imekwisha kabisa na anakimbiza kuku, muda ambao wengi wetu tunaacha dawa, lakini yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba kuna jua moja na mwezi mmoja havijapigwa mstari.

Sasa alama mbili. Ya kwanza nimeikata kwa sababu ya jioni. Kuanzia saa kumi na mbili dokta huenda kupumzika na kumwachia kijana msaidizi. Ni kijana mwadilifu, anatoa dawa sahihi, anapima uzito, lakini hachuchumai. Anaongea na mzazi juu ya kichwa cha mtoto, na kigoda kinakaa bure. Nilimwona mtoto wa mama mmoja akinyweshwa kwa kushikwa kichwa pale pale mbele ya ile karatasi ya manila, na yule kijana akaendelea kuhesabu chenji. Kama huduma hii inategemea mtu mmoja, ni hasara, maana homa za watoto hupanda jioni. Nimemwambia dokta uso kwa uso na amekubali kwamba anatakiwa amfundishe kwa vitendo.

Ya pili ni mabomba. Yanaisha, na yakiisha hupita muda kabla hayajaletwa mengine, ilhali ni kitu chepesi kisichooza. Benchi la nje nalo linapigwa na jua la mchana na vumbi la bodaboda, na mtoto mwenye homa anatakiwa akae pale nusu saa. Turubai dogo lingetosha. Hilo sikulikatia alama kwa kuwa najua kodi ya fremu za Isevya ilivyo.

Bei ni zile zile za mjini, hakuna cha ziada kwa ajili ya muda wake. Hufungua saa mbili asubuhi, hufunga saa tatu usiku, Jumapili hufungua baada ya ibada. Nenda kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mpime mtoto zahanati kwanza, uende na karatasi, na umpe kitu chenye karanga au maziwa kabla hamjatoka nyumbani. Ukimkosa mwenyewe, mwombe yule kijana vikombe viwili na maji safi, umkalishe mtoto kigodani mfanye wenyewe, hatawakatalia.